Kipimo cha Pili

Mlango tuliomfungia Mkasi wiki iliyopita bado haujafunguliwa. Yumo ndani, amekaa kwenye ukingo wa kiti, na mbele yake Meneja wa kiwanda cha sare ameweka kalamu chini na kuyasema yale maneno yaliyotunyima usingizi:

"Kuna jambo hukutuambia."

Kwa msomaji anayetukuta njiani: Mkasi ni mkataji nguo, na jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu kitambaa akishakikata yeye hakirudiwi. Duka alilofanyia kazi lilifungwa, mumewe dereva wa malori yuko safarini, na yeye amejibanza chumba cha nyuma kwa wifi yake. Leo yuko kwenye usaili wa pili wa nafasi ya msimamizi wa chumba cha kukatia. Na ndani ya gauni lake la kijivu, chini ya kibwebwe alichojifunga asubuhi kwa nguvu zote, kuna mimba ya miezi minne.

Wanaojua ni mumewe, wifi yake na daktari. Basi huyu Meneja kajulia wapi?

"Jambo gani, mama?" aliuliza Mkasi. Sauti ilimtoka nyembamba.

Meneja alivuta birika la kahawa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na tabasamu la haraka, la kuwaka na kuzimika. Alimimina kahawa kwenye vikombe viwili, akakisukuma kimoja upande wa pili wa meza.

"Kunywa kwanza."

Kahawa, jamani! Tangu mimba iingie, harufu yake tu ilikuwa inamtoa Mkasi mbio mpaka uani. Alijua anaangaliwa. Akakinyanyua kikombe, akabana pumzi, akakimaliza chote bila kukiweka chini.

"Ulikuwa na kiu," alisema Meneja.

"Ni nzuri sana."

"Nikuongeze?"

"Hapana, asante. Itaninyima usingizi."

Tabasamu likawaka, likazimika. "Mwaka huu una mipango gani? Ya nyumbani, nasema."

"Mipango yangu ni kazi, mama."

"Hutarajii mabadiliko yoyote?"

"Labda nibadilishe mapazia."

Meneja alicheka, na kicheko chenyewe kilimtisha Mkasi kuliko maswali. Kisha akaegemea mbele.

"Haya, nikwambie ulichotuficha. Wewe ni wa mkono wa kushoto. Nimekuona ulivyoshika kikombe. Mikasi yetu yote ni ya mkono wa kulia, na wewe umekaa kimya tu. Ungekatia nini?"

Nusura Mkasi aangue kicheko. Kumbe ni hilo tu! 

"Mkasi wangu ninao mwenyewe, mama. Uko hapa mkobani. Siachani nao."

"Vizuri. Basi nenda ukapimwe sare."

"Nilishapimwa, mama. Siku ile ya kwanza."

"Utapimwa tena."

Alisema hivyo, na macho yake yakashuka kutoka usoni kwa Mkasi, yakapita kifuani, yakatua tumboni. Yakakaa hapo kuliko adabu inavyoruhusu.

Mkasi alitoka akiwa amebana mkoba mbele yake. Hapana, alijiambia. Huyu mtu anajua. Mambo ya mkono wa kushoto ni danganya toto; alisema nimeficha jambo kabla hata sijagusa kikombe. Kuna mdomo umefunguka mahali, na mdomo huo leo atautafuta mpaka aupate.

Kwenye benchi la koridoni alikuwa amekaa Kifungo.

Huyu ni rafiki yake wa damu. Walikaa meza moja kule dukani miaka na miaka, Mkasi akikata, Kifungo akimalizia mishono na kutia vifungo, na hata habari za kiwanda hiki waliletewa pamoja. Kifungo alikuja kuomba usimamizi wa chumba cha kumalizia. Nafasi mbili, marafiki wawili, hakuna wa kumwonea mwenzake wivu. Lakini tangu asubuhi ulikuwa unapita mnong'ono kwenye hilo benchi kwamba wanawake wawili kwa mpigo ni wengi, kwamba bosi atamchukua mmoja tu.

"Vipi huko?" aliuliza Kifungo. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake mapajani na mkononi ameshika kipande cha ndimu.

"Salama."

"Mbona umepauka? Shika, nyonya kidogo. Utajisikia vizuri."

Mkasi aliitazama ile ndimu, halafu akamtazama mwenye ndimu.

"Nani kakwambia najisikia vibaya?"

"Hakuna. Nimesema tu."

"Umesema tu."

"Mwenzangu, kwani nimekutukana?"

 Tangu lini Kifungo akawa mtu wa kutembea na ndimu? Na kwa nini ndimu, kati ya vyote vilivyopo duniani? Watu huwa wanampa nani ndimu? Mkasi alimgeukia kijana mpiga pasi aliyekaa mwisho wa benchi, naye amekuja kuomba kazi kama wao.

"Kaka, na wewe umeambiwa ukapimwe tena?"

"Kupimwa nini?"

"Sare."

"Nilipimwa siku ya kwanza, dada, nikapewa koti langu. Mara ya pili ya nini? Kwani mimi ni mtoto naendelea kukua?" Akacheka peke yake, kisha akapigapiga kitambi chake. "Hiki nilikuja nacho, na nitazeeka nacho."

Mkasi hakucheka. Alisogea mpaka dirishani, mwisho wa korido, akampigia wifi yake.

"Wifi, umemwambia nani?"

"Salamu zimeisha siku hizi? Nimemwambia nani nini?"

"Usinizungushe. Habari zangu. Za tumbo."

"Mimi!" Wifi mtu alipaza sauti mpaka Mkasi akaisogeza simu mbali na sikio. "Ningekuwa na mdomo mpana hivyo, si ningeanza na ya kaka yangu? Ya kwake nayajua mengi, na yote nimeyameza. Hiyo siri yako ndiyo itanishinda?"

"Niapie."

"Naapa."

"Hakuna mtu hata mmoja?"

Upande wa pili kukawa kimya. Kimya cha wifi huyu, wale mnaomfahamu mnajua, si cha kawaida hata kidogo.

"Wifi!"

"Sasa huyo naye ni mtu? Huyo ni kama ndugu. Alinikuta dukani, akaniuliza mbona siku hizi unajishonea magauni mapana. Ningesemaje, kwamba umeingia dini mpya? Nikamwambia Kifungo peke yake. Kifungo ni mwenzetu."

Mkasi alikata simu bila kuaga. Kule benchi, Kifungo alikuwa anafyonza ndimu yake taratibu, macho sakafuni. Mwenzetu! Nafasi zilikuwa mbili, zimekuwa moja, na mwenzetu anajua siri inayotosha kuifanya moja iwe yake.  Mkasi alitamani kumwendea pale pale, amwinue kwa ukosi wa gauni.

Hakupata nafasi. Mlango wa chumba cha kupimia ulifunguka na sauti ikamwita.

Mama Futi ndiye mpimaji wa kiwanda. Ni mtu mzima wa makamo, miwani imefungwa kamba, futi ya kupimia inaning'inia shingoni mchana kutwa, na wanasema hata nyumbani huenda nayo. Chumba chake hakina dirisha. Kina meza, kioo kirefu, na ukutani yametundikwa makoti ya kazi, yale ya bluu wanayovaa wote.

"Funga mlango, mwanangu. Inua mikono."

Mkasi aliinua. Mama Futi hakugusa bega, hakugusa kifua. Alikwenda moja kwa moja kiunoni.

"Mama, bega hupimi?"

"Bega halibadiliki."

Hapo ndipo Mkasi alipoyatazama yale makoti ukutani kwa jicho la mkataji. Yalikuwa yameshuka wima kutoka kwapani mpaka chini, kama foronya. Hakuna mkanda, hakuna kubana popote.

"Haya makoti hayana kiuno," alisema polepole.

"Hayana."

"Sasa kiuno changu mnakipimia nini?"

Mama Futi aliacha kupima. Aliutazama mlango, kisha akashusha sauti.

"Wengi hawaulizi. Nilijua wewe utauliza, maana ni mtu wa meza ya kukatia. Sikiliza. Kumuuliza mwanamke kama ana mimba hawaruhusiwi. Sheria yenyewe wameitundika pale ofisini, ina fremu nzuri tu. Lakini kupima sare nani atakataza? Unapimwa siku ya kwanza, unapimwa tena usaili wa pili. Kiuno kikiwa kimetoka nje, unaambiwa asante, nafasi imeshajazwa. Unarudi nyumbani unamlaumu jirani, unamlaumu mchawi. Hujui kama umesemewa na kiuno chako."

 Kwa hiyo hakuna aliyesema. Kwa hiyo hata Kifungo... Mkasi aliliacha wazo hilo lipite, maana lingine lilikuwa linamjia kwa furaha. Yeye amejifunga! Asubuhi alisimama mbele ya kioo cha wifi yake na futi mkononi, akakaza kibwebwe mpaka kikafika namba ile ile aliyoisikia ikitajwa humu ndani siku ya kwanza, ili gauni la kijivu lilale mwilini vile vile lilivyolala siku ile. Namba mkataji hasahau.

"Basi mimi sina wasiwasi," alisema. "Soma, mama."

"Thelathini na mbili."

"Na siku ile?"

"Thelathini na mbili."

Mkasi alitabasamu. Mama Futi hakutabasamu.

"Hapo ndipo ulipojimaliza, mwanangu."

"Kivipi? Si ni sawasawa?"

"Ndiyo ubaya wake. Mwili wa mtu haurudi na kipimo kile kile. Leo umekula, kesho hujala, keshokutwa umelala vibaya. Wote niliowapima humu, wenye mimba na wasio na mimba, hajawahi kurudi mmoja akiwa sawasawa. Kinachorudi na kipimo kile kile ni kitambaa." Akagusa tumbo la Mkasi kwa kidole kimoja, juu ya gauni, pakawa pagumu kama ubao. "Umejifunga. Na umejifunga kwa futi. Kosa hilo hafanyi mtu mwingine, ni fundi tu. Na yule bosi naye ni fundi wa zamani, tulianza wote cherehani kwa cherehani. Nikimtajia namba hii, atakuja kukufungua kwa mikono yake."

Machozi yalimjaa Mkasi, na hakuyaficha. "Mama, nisaidie. Naijua hii kazi. Mimba iko tumboni, mikono ni ile ile. Nikikosa hapa nitampokelea wapi huyu mtoto? Kwenye chumba cha kuazima?"

Hatua zilisikika koridoni. Zikaja, zikasimama nje ya mlango. Mlango haukugongwa.

"Ngapi?" iliuliza sauti ya Meneja.

Mama Futi alimtazama Mkasi, kama mtu anavyotazama kitu alichokwisha kukiona mara nyingi na kukichoka.

"Thelathini na mbili na nusu!" alijibu kwa sauti. "Amekula mchana huyu."

 Mkasi alilinyoosha gauni lake.

"Mlete," ilisema sauti, na hatua zikarudi zilikotoka.

"Kwa nini umenisaidia?" alinong'ona Mkasi.

"Nenda."

"Mama..."

"Nimesema nenda. Mkono wangu umechoka."

Ofisini, Meneja alikuwa amesimama. Alimpa Mkasi mkono, akautikisa.

"Hongera. Chumba cha kukatia ni chako."

Ndugu msomaji, kuna furaha ambayo mtu hajui aiweke wapi. Mkasi alisimama pale na mdomo wazi, na ndani ya kibwebwe, kwa mara ya kwanza tangu mimba iingie, kitu kidogo kikagonga. Alitaka kulia, alitaka kumkumbatia hata huyu mwanamke wa tabasamu la kuwaka na kuzimika.

"Asante, mama. Hutajuta."

"Tutaona. Bado sijaweka saini." Meneja alifungua mlango, akaita. Mama Futi akaingia, kichwa chini. "Msimamizi wa kukatia ndiye anayeshika vipimo vyote vya kiwanda hiki. Tulimwachia huyu kwa sababu ya zamani zetu. Lakini siku hizi vipimo vyake vimeingia huruma."

Mkasi aliusogeza mkoba mbele ya tumbo.

"Mwaka jana alinipimia msichana," Meneja aliendelea. "Kila kitu shwari, nikamwajiri. Hata mikono haijazoea kazi, huyo kwenye likizo ya uzazi, na oda ya sare za hospitali imelala mezani, na mimi ndiye nimesimama mbele ya wenye mali kujieleza. Nilipopekua nikakuta huo ndio mchezo wake. Robo hapa, nusu pale. Anasema wamekula." Akamgeukia Mkasi, tabasamu likawaka na safari hii halikuzimika. "Wewe mchana ulikula nini?"

"Mkate, mama," alisema Mkasi. Hakuwa ametia kitu mdomoni zaidi ya ile kahawa.

"Mkate. Sawa."

Anajua? Hajui? Msomaji akijua aniambie, maana hata Mkasi mwenyewe, aliyekuwa anayatazama macho yale kwa karibu, hakuambulia kitu.

Meneja alinyoosha mkono. Akaivua futi shingoni mwa Mama Futi, akaivika shingoni mwa Mkasi.

"Imebaki nafasi ya kumalizia, na aliyebaki ni rafiki yako. Kampime. Ukiniletea kipimo cha kweli, na kikiwa salama, naweka saini zote mbili, yako na yake. Nikisikia tena habari za nusu, mnarudi nyumbani wote wawili. Nitakuwa nje ya mlango."

Kifungo alikuwa tayari chumbani, mkoba ameuweka chini, mikono ameinua mwenyewe kabla hajaambiwa. Alipomwona nani ameshika futi, uso ulimshuka.

"Wewe?"

"Mimi." Mkasi alifunga mlango, akasogea mpaka wakakaribia kugusana paji la uso. Hasira ya koridoni ilikuwa haijamtoka yote. "Wifi kakwambia habari zangu. Umemwambia nani?"

"Nimeambiwa, nimemeza. Ningemwambia nani?"

"Na ile ndimu ya kunisimanga?"

"Kukusimanga?" Macho ya Kifungo yalijaa maji. "Mwenzangu, hivi ulidhani ndimu niliinunua kwa ajili yako?"

Mkasi alipitisha futi kiunoni mwa Kifungo. Mkono wa kushoto, ule unaojua vitambaa kabla macho hayajaviona, ukagusa kitu mgongoni chini ya gauni. Fundo. Fundo la kufungia mabunda ya vitambaa, lile la kupitisha ncha mara mbili, ambalo yeye mwenyewe alimfundisha Kifungo kule dukani.

Wakatazamana.

"Miezi mitatu," alinong'ona Kifungo. "Tangu asubuhi natafuta namna ya kukwambia, na wewe unaninunia. Lakini usiwe na hofu. Nimejifunga vizuri. Siku ya kwanza nilikuwa ishirini na tisa. Soma hapo uone."

Mkasi alisoma. Ilikuwa ishirini na tisa, haikuzidi, haikupungua.

"Si umeona?" Kifungo alisema, na pamoja na machozi yake kulikuwa na majivuno kidogo sautini, majivuno ya fundi. "Sawasawa kabisa."

Mkasi alifumba macho. Akisema ishirini na tisa, bosi ataingia kumfungua Kifungo kwa mikono yake, na akishamfungua mmoja atamfikiria na wa pili. Akisema na nusu, wanarudi nyumbani wote wawili. Akisema zaidi ya hapo, Kifungo anaambiwa asante, nafasi imeshajazwa, na yeye Mkasi anabaki na kazi yake, na futi yake shingoni, mpaka siku tumbo lake lenyewe litakapomshinda kulificha.

Na wanawake wengine wataendelea kuingia mlango huu, wakiinua mikono.

Hatua zilikuja koridoni. Zikasimama.

"Ngapi?"

Kifungo alimtazama kwa matumaini, hajui kitu. "Mwambie," alinong'ona. "Si ni sawasawa? Mwambie."

Mkasi aliingiza mkono wa kushoto mkobani. Akatoa ule mkasi wake, wenye mpini uliolika kwa kidole chake, ule ambao haachani nao. Akaishika futi ya kiwanda kwa mkono wa kulia, akainyoosha, akaikata katikati. Vipande viwili vikaanguka sakafuni, kimoja kwenye kiatu chake, kingine kwenye kiatu cha Kifungo.



"Huo ni mlio wa mkasi," ilisema nje ya mlango sauti ya fundi wa zamani, polepole, na kitasa kikaanza kuzunguka.